Gari la Kumwaibisha Jovitus

Biharamulo,
12 Oktoba 2024

Mwanangu Desderius,

Nakusalimu wewe na mkeo Ineza. Mimi ni mzima wa mwili. Migomba ya nyuma ya nyumba imeinuka baada ya mvua za kwanza, na yule ng'ombe wa marehemu bibi yako amezaa ndama dume. Mzee Privatus, katekista wetu, amepata miwani mipya na sasa anasoma masomo ya Jumapili bila kubahatisha. Nimefurahi kusikia kwamba Ineza ni mjamzito. Mwambie asibebe ndoo.

Barua hii ataileta Yohanes, kondakta wa basi la Ngara. Usinipigie simu kuhusu jambo nitakalokuandikia. Baba yako amejenga jirani nami, na mimi nikizungumza kwa simu husikika mpaka kwake.

Ninataka uninunulie gari la rimoti. Ninataka lile la mashindano ya rali, si la kumfurahisha mtoto aliye mgonjwa. Wewe unafanya kazi mpakani Rusumo na unaona kila kitu kinachopita.

Mwezi Julai hukuwapo tulipokutana kuanua matanga ya mama yetu. Ulituma taarifa kwamba malori yalikuwa mengi. Basi nikueleze kilichotokea, maana najua umesikia nusu tu. Unaijua desturi ya ukoo wetu: watoto wa marehemu huketi kuzunguka chungu kimoja cha rubisi, pombe yetu ya ndizi, kila mmoja na mrija wake wa tete. Wakimaliza kunywa, msiba umekwisha, na binti mkubwa huvua nguo nyeusi. Chungu kikivunjika kabla ya kunywewa, aliyekivunja huleta kingine kwa mikono yake miwili, hupiga magoti na kuomba mrija. Mwingine hawezi kukileta kwa niaba yake.

Baba yako alikuja na gari jekundu, ukubwa wake kama paka. Alilituma mpaka kwenye zizi, watoto wakashangilia. Kisha akaligeuza ili lirudi kwake. Lilirudi kama limefukuzwa, likapita kati ya miguu ya wazee na kukipiga chungu tumboni. Rubisi yote ikanywewa na vumbi. Watu walicheka, Desderius. Walicheka katika matanga ya mama yangu, na baba yako akacheka nao.

Mpaka leo mimi, binti mkubwa, bado ninavaa nyeusi. Nikienda sokoni, wauza dagaa wananipa pole kana kwamba maiti ingali ndani. Na mtoto wenu atakapozaliwa, mimi ndiye ninayepaswa kumtoa nje na kumwonyesha jua, kama nilivyokutoa wewe. Lakini mwenye msiba hashiki mtoto mchanga. Unaelewa sasa kwa nini nina haraka.

Jumapili iliyopita nilimsimamisha baba yako nje ya kanisa. Nikamwuliza, "Jovitus, chungu cha mama kiko wapi?" Akanijibu mbele ya watu, "Dada, mimi sikuvunja kitu. Kilivunjwa na gari. Lishitaki gari." Watu wakacheka tena. Nikamwambia, "Nitalishitaki." Akasema, "Basi tafuta lako, uje nalo uwanjani Jumatatu ya Pasaka tunaposhindana na vijana wa karakana. Likilitangulia langu, nitakuletea chungu kwa miguu yangu kutoka stendi, na magoti nitapiga." Nilimwita Mzee Privatus asikie, nikamtaka Jovitus arudie maneno yake. Akayarudia, tena kwa madaha.

Ninataka gari lenye kasi kuliko yote yanayouzwa. Ninataka asahau kucheka. Usiniambie kwamba ni baba yako. Ninajua ni baba yako; nilimbeba mgongoni.

Ni mimi, shangazi yako,
Restituta

*

Rusumo,
9 Novemba 2024

Shangazi,

Shikamoo. Sisi ni wazima. Ineza anakusalimu na anasema ndoo habebi, ila ananibebesha mimi. Barua yako ilikaa kwa Yohanes muda kidogo kwa sababu basi lao liliharibika Kasulo, nami nikachelewa kujibu kwa ajili ya foleni ya malori ya kwenda Rwanda. Nisamehe.

Hukutaka nikuambie jambo fulani, nami silisemi. Nitakutafutia gari.

Lakini kuhusu kasi, naomba unisikilize. Anayeanza huchagua kwa macho na kwa kasi, ndiyo maana magari mengi ya aina hii huishia juu ya kabati. La kwanza ni kujua litakimbia wapi. Magari ya lami huwa chini sana. Kokoto moja tu huyasimamisha. La rali huinuka kidogo kutoka ardhini, lina springi ndefu, na zuri ni lile linalosukuma tairi zote nne. La pili ni mota. Kuna mota za brashi, ambazo ni za pole na huvumilia makosa, na kuna zisizo na brashi, ambazo ni kali. La tatu ni vipuri. Gari lisilo na vipuri linakufa siku ya kwanza linapogonga jiwe, na kila anayeanza hugonga jiwe.

Niambie uwanja wenu ukoje, na njia ya kuzunguka inapita wapi. Niambie pia kama umeme wa kwako ni wa uhakika, kwa ajili ya kuchaji betri.

Mwanao,
Desderius

*

Biharamulo,
24 Novemba 2024

Mwanangu Desderius,

Nimefurahi kwamba Ineza ana mtu wa kumbebesha ndoo. Kwetu maharage yamepandwa. Jirani yangu Adventina ameozesha binti na kunialika, nami nikaketi nje na wenye msiba wengine, nikala wali uliopoa.

Uwanja ni ule ule wa mpira uliochezea utotoni. Ni changarawe, majani ni ya pembeni tu. Magari huanzia golini, huenda mpaka kibendera cha kona ya mbali, hukizunguka, kisha hurudi golini. Upande wa kushoto, kwa anayesimama golini, kuna mfereji wa maji ya mvua ambao halmashauri iliuchimba na kuusahau. Umeme upo. Ukikatika, Mzee Privatus ana sola.

Umenieleza kuhusu mota za pole. Sikukuomba gari la pole. La baba yako likianza hulia kama nyigu, na kabla hujapepesa macho liko konani. Nimekuwa mwalimu maisha yangu yote na ninamtambua mwanafunzi anayejibu swali ambalo hakuulizwa. Kasi, Desderius.

Umeniandikia kurasa mbili na hukuuliza baba yako anaendeleaje. Anaendelea vizuri, kwa bahati mbaya.

Shangazi yako,
Restituta

*

Rusumo,
15 Desemba 2024

Shangazi,

Shikamoo, na heri ya Noeli inayokuja. Ineza sasa anachagua chakula. Anataka senene, na msimu wake unakwisha. Kama Adventina amekausha, tafadhali umwombe kidogo ampe Yohanes.

Kwenye boksi alilokuletea Yohanes kuna gari la bluu. Usilitazame ukakasirika. Ni la rali, ukubwa wake sehemu moja ya kumi ya gari la kweli, linasukuma tairi zote nne, na mota yake ni ya brashi. Limefungwa tayari, hakuna cha kuunganisha. Nimekuwekea betri mbili za aina ngumu, zile zisizovimba, na mikono ya tairi ya akiba, kwa sababu hiyo ndiyo huvunjika kwanza. Juu ya betri nimebandika karatasi na kuandika namna ya kuchaji. Rimoti yake imeumbwa kama bastola: kifyatulio ni mwendo, na gurudumu dogo la pembeni ni usukani. Anza kwa kugusa kifyatulio kidogo tu, kama unavyopima chumvi.

Lile jekundu usiliogope. Lina mota isiyo na brashi na betri ya seli tatu. Anayeanza hawezi kulimudu mpaka apunguze nguvu kwa swichi iliyo chini ya rimoti, na swichi hiyo imefunikwa na stika, mtu haioni asipoonyeshwa. Kwenda, litakuacha mbali. Wewe ngoja wakati wa kurudi.

Jizoeze sana kurudi. Gari likielekea kwako, kushoto kwake ni kulia kwako. Hapo ndipo wengi huharibikiwa.

Mwanao,
Desderius

*

Biharamulo,
11 Januari 2025

Mwanangu Desderius,

Heri ya mwaka mpya. Senene ulizoomba zimo katika kopo hili. Adventina anasema Ineza akizimaliza peke yake mtoto atarukaruka. Ndama amekua. Choo cha shule kimeanguka, hakikumwangukia mtu.

Gari lilifika. Nilikasirika. Kuku wangu alilikimbia, kisha akaligeukia na kulidonoa. Nilikaa nalo mezani jioni nzima nikitunga barua ambayo nashukuru sikuituma.

Baadaye nilianza mazoezi uani, mlango umefungwa. Nilivunja mkono wa tairi ya mbele kwenye jiwe la kunolea, nikaubadilisha mwenyewe kwa bisibisi ya Mzee Privatus. Nilivunja wa pili kwenye kizingiti. Mara ya tatu sikuvunja kitu, nikaelewa kwa nini hukunipa la kasi. Sikusema kwamba nimekusamehe, nimesema nimeelewa.

Kuhusu kurudi, nina jambo la kukueleza. Miaka yote ya kufundisha mazoezi ya viungo nilisimama nikiwatazama watoto. Nikisema "mkono wa kulia", mimi huinua wa kushoto ili wao wanifuate bila kuchanganyikiwa. Mwili wangu ulikwishajifunza jambo hili kabla gari halijaundwa. Likija kwangu, linanitii kama darasa la pili. Baba yako hakuwahi kusimama mbele ya darasa.

Sasa nina swali. Mimi nilikuandikia kwamba gari lake ni jekundu na linalia kama nyigu. Sikukuandikia habari za mota yake. Sikukuandikia habari za seli za betri, wala za swichi iliyofunikwa na stika, kwa kuwa sizijui. Wewe umezijuaje?

Nijibu hilo kabla ya mengine.

Shangazi yako,
Restituta

*

Rusumo,
22 Februari 2025

Shangazi,

Shikamoo. Senene zilifika na ziliisha siku hiyo hiyo. Ineza amevimba miguu lakini mkunga anasema mambo ni mazuri. Wanamtarajia mtoto mwanzoni mwa Mei. Mvua huku zimewahi na mto umejaa.

Nimekutumia mikono mingine ya tairi, na springi ngumu kidogo za nyuma kwa ajili ya changarawe. Tairi ukiziona zimelika, zibadilishe za mbele ziende nyuma. Kabla ya siku yenyewe chaji betri zote mbili na usizianike juani.

Magari yanayopita hapa ni mengi, mtu huyazoea.

Mwanao,
Desderius

*

Biharamulo,
23 Aprili 2025

Mwanangu Desderius,

Kristo amefufuka. Sina habari za migomba wala za ndama leo. Keti chini usome.

Jumatatu uwanja ulijaa. Nilikwenda na nguo yangu nyeusi, gari nimelifunga katika kanga na kulipakata. Vijana wa karakana walinipisha. Mmoja alisema, "Bibi mwalimu, umeleta mjukuu?" Nikamjibu kwamba mjukuu huyu hajakojoa kitandani kama yeye alivyokuwa akifanya hadi darasa la nne.

Baba yako alikuwa amevaa koti la suti na kofia yenye maandishi ya rali. Akaniuliza kwa sauti ya kusikika, "Dada, hilo la bluu linatumia mafuta ya taa?" Adventina akamjibu kabla yangu: "Jovitus, subiri kwanza, kucheka ni mwisho." Mzee Privatus akasimama golini na kitambaa cheupe, akakishusha.

Lake liliondoka likaniachia vumbi. Langu lilikuwa bado katikati ya uwanja lake lilipokizunguka kibendera, na watu walikuwa wakipiga miluzi. Sikufyatua zaidi. Nilikuwa nikilitazama lile jekundu likianza kurudi, likimjia yeye, na niliuona mkono wake. Alitaka kuliepusha na mfereji. Mfereji ulikuwa kushoto kwake, akageuza gurudumu kulia, na gari likaenda lilikoelekezwa. Liliruka ukingo, likapinduka mle ndani, tairi zikazunguka hewani. Kosa lile lile, Desderius. Ndilo lililokivunja chungu cha mama yangu.

La kwangu lilifika konani, likazunguka, likarudi. Nilikuwa naye ubavuni, yeye akilitazama lake mferejini, mimi nikilivusha langu mstari. Wanawake walipiga vigelegele.

Ningeweza kuishia hapo. Sikuishia. Niliondoa kidole kwenye kifyatulio, kisha nikakigusa tena kidogo, nikalizungusha gari kuizunguka miguu yake polepole, tena na tena. Watu waliacha kushangilia. Akawa hawezi kupiga hatua asijikwae. Nilitaka alione vumbi likipanda juu ya viatu vyake vilivyopigwa rangi. Nililisubiri jambo hilo tangu Julai, na sitakudanganya, lilikuwa tamu.

Ndipo akainama, akaliokota gari langu, akaligeuza chini juu. Alitazama betri. Aliitazama karatasi uliyobandika: *Ikijaa, chomoa. Usiiache usiku kucha.* Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Huu si mwandiko wa Desderius?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Langu pia alinitumia yeye. Mwezi wa Juni. Ni kitu cha kwanza alichonitumia tangu aoe. Nilimwuliza Yohanes akaniambia ni gari la wanaoanza. Mimi hakuniandikia hata neno moja, dada." Akanirudishia gari, akaenda kuketi juu ya jiwe na kofia mkononi. Siku ya matanga, Desderius, alikuwa akiwaonyesha watu zawadi ya mwanawe. Mimi niliona jeuri tu, sikuuliza lilikotoka.

Nimerudi nyumbani nikasoma upya barua zako zote. Hakuna hata moja yenye neno "baba". Kuna swichi iliyofunikwa na stika, ambayo mtu haioni asipoonyeshwa. Ulimchagulia baba yako gari ambalo anayeanza hawezi kulimudu, ukakaa Rusumo ukisubiri habari.

Usinijibu kwa nini. Najua kwa nini, nilikuwapo. Ulikuwa darasa la sita. Ulikunja gari la rali kwa waya, lenye namba ubavuni, taa za vizibo, tairi za kandambili, na usukani mrefu ulioufikia mkono wako. Hapakuwa na mtoto mwenye gari kama lile hapa Biharamulo. Ulilileta kwenye sikukuu ya kipaimara, na baba yako akalikanyaga mbele ya wageni, akisema mwanamume haendeshi takataka. Akalikanyaga mara ya pili kwa sababu halikuvunjika mara ya kwanza. Hukulia. Ulilikusanya ukalitia kwenye kapu. Nami nikafikiri, huyu mtoto hatasahau, kisha nikasahau mimi.

Kwa hiyo chungu cha mama kina wavunjaji wawili. Mmoja alishika rimoti. Mwingine alikuwa mbali na alikuwa na mkono mrefu.

Hii ndiyo hukumu yangu, na sipokei rufaa. Baba yako alisema ataleta chungu kwa miguu kutoka stendi. Hataleta peke yake. Utanunua chungu kwa wafinyanzi wa huko kwenu, kikubwa, kiwe na masikio mawili. Utashuka nacho Biharamulo stendi. Yeye atakuwa pale. Atashika sikio moja, wewe utashika la pili, na mtakileta mpaka mlangoni kwangu bila bodaboda na bila msaidizi. Mimi nitakuwa mbele yenu na gari la bluu. Mtalifuata. Halitakwenda mbio.

Wote wawili mtapiga magoti.

Restituta

*

Rusumo,
4 Mei 2025

Shangazi,

Shikamoo. Ineza amejifungua juzi, mtoto wa kike, yeye na mtoto ni wazima. Yuko ndani. Hajatolewa nje na hatatolewa na mwingine. Jina tumemwachia shangazi.

Chungu nimekipata Kasulo. Kina masikio mawili. Mfinyanzi aliniuliza ni cha harusi au cha msiba, nikamhesabia pesa zake.

Kuhusu hayo mengine uliyoyaandika, ni hili tu. Sikujua kwamba lile jekundu angelipeleka kwenye matanga ya Bibi. Nilidhani angelipeleka uwanjani, kwa watu wake.

Nitashuka Jumamosi tarehe 10 kwa basi la Yohanes.

Mwanao,
Desderius

*

Biharamulo,
1 Juni 2025

Mwanangu Desderius,

Nimefika salama kutoka kwenu. Nyumba niliikuta imefungwa vizuri, kuku wote wapo. Nimevaa kitenge cha kijani kwenda sokoni, na muuza dagaa hakunitambua, akaniita dada. Mwambie Ineza kwamba mikono yangu bado inanukia mtoto. Ni vyema mmekubali aitwe Irakoze, yaani Mungu ashukuriwe, maana ndilo neno ambalo mama alipenda kulitamka akiwabariki watu.

Sina la kuongeza juu ya ile siku, ila moja. Watu wananiuliza kwa nini niliwatembeza polepole kiasi kile, mpaka wenye maduka wakatoka nje kutazama. Nimewaambia betri ilikuwa ikiisha. Si kweli. Nililiona jasho la baba yako likidondoka juu ya chungu, na nikaona wewe ukibadilisha mkono ili uzito umwelemee yeye zaidi. Ndiyo maana nikapunguza mwendo.

Mrija wako na wa baba yako ulikuwa mmoja kwa makusudi. Sikuishiwa matete.

Sikumwamuru baba yako abaki kwenu nilipoondoka. Alisema mwenyewe kwamba goti linamuuma na hawezi kupanda basi. Alipiga goti moja tu kwa muda mfupi, juu ya mkeka. Nijulishe kama anakula, na atarudi lini. Mfereji wa uwanjani umefukiwa. Gari la bluu lipo kabatini, betri nimezichomoa kama ulivyoagiza.

Shangazi yako,
Restituta

*

Rusumo,
15 Juni 2025

Shangazi,

Shikamoo. Irakoze anaongezeka uzito na sauti. Ineza amepata nafuu na ameanza tena kunibebesha ndoo. Mto umepungua, malori yamerudi kuwa mengi.

Baba anakula. Baba hajasema atarudi lini, nami sijamwuliza. Hatuzungumzi sana. Asubuhi ananiambia habari za hali ya hewa na mimi ninamwambia habari za foleni.

Juzi aliniomba koleo. Alikwenda kwa mafundi wa karakana karibu na mzani, akarudi na kipande kirefu cha waya na kandambili moja iliyochakaa. Tangu hapo yuko barazani, anakunja. Anasema ni kwa ajili ya Irakoze atakapoanza kutembea. Bodi ameikunja kinyume, na ekseli ya mbele ameifunga mahali ambapo haitageuka kabisa. Vidole vyake vimejaa mikwaruzo. Kila nikipita anaacha kukunja na kuinua kile kigari kidogo, nikione.

Ninakiona. Anakosea sana, Shangazi. Simwelekezi.

Mwanao,
Desderius